Rangi Laini za Matanga

Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na picha mtaani Laini Saba, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Mbele yangu, mama muuza samaki wa omena alimwelekeza fundi kwa kidole kwenye kompyuta.

"Niwekee zile rangi laini, zipandane kama mawingu ya asubuhi."

Fundi akatandaza rangi ya waridi juu ya picha ya huyo mama, akaififisha, kisha zambarau, akaififisha pia. "Ni ya sherehe gani, mathe?"

"Ya matanga."

Fundi akaachilia kipanya. "Woi, pole sana. Nani ametuacha?"

"Bado."

Mama akaeleza kwamba dada yake alizikwa kwa picha ya kitambulisho. "Alikaa kama mwizi wa kuku, na kijiji kizima kilishika hiyo karatasi ya ratiba ya mazishi. Watoto wangu nawajua."

Kwa huruma, fundi akaongeza waridi mpaka makunyanzi yakayeyuka.

"Wewe! Rudisha hayo. Unataka wamlilie nani?"

Nilicheka na wateja wengine, hadi nilipokabidhiwa picha zangu: nami nilikaa kama mwizi wa kuku.

Kesho yake asubuhi nilivaa gauni langu la bluu, nikarudi saiba kupigwa nyingine. Fundi alipouliza picha ni ya nini, nikamdanganya kuwa ni ya kazi.