Mbuzi wa Kambini kwenye Kaseti ya Harusi

Maishani mwangu nimemaliza kitu kimoja tu. Shule niliiacha njiani, gereji niliiacha kabla ovaroli haijachafuka, na bandarini Port Bell nilidumu mpaka nilipoelewa injini ya kivuko inavyofanya kazi, kisha sikuona tena sababu ya kuamka mapema. Lakini nikiwa na miaka kumi na minne nilitunga mchezo wa kompyuta, mwanzo hadi mwisho: polisi wa jeshi mwenye kitambi anafukuza mbuzi kambini Makindye.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kibodi nene ya kuchomeka kwenye televisheni, zawadi ya mkubwa mmoja wa baba pale kambini, aliyekuwa anahama nchi. Michezo tuliihifadhi kwenye kaseti za kawaida. Ukiziweka kwenye redio zililia kama paka anayekamuliwa.

Siku hizi nazunguka mji mzima nikiokoa kaseti kama hizo, nazihamishia kwenye laptopu kabla hazijaota ukungu. Nimeokoa michezo ya watu nisiowajua hata kwa sura. Wangu ulibaki kwa shangazi, dada ya baba, ambaye haachi kitu kitoke nyumbani kwake ila ushauri.

Nilipomwomba ile kaseti aliitoa kabatini mara moja. Juu yake alikuwa ameandika: HARUSI.

"Shangazi! Umerekodi juu ya mchezo wangu?"

"Mchezo gani? Humo mlikuwa na makelele ya mashetani. Nikayafukuza kwa ngoma za harusi ya binti yangu."

"Lakini nilivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena!"

"Na mimi nikaziba tundu kwa karatasi. Ulidhani akili umepewa peke yako?"

Kweli, karatasi ilikuwa bado imo, kipande cha daftari langu la hesabu. Nikakaa chini. Kitu changu kimoja, basi, kimeliwa na ngoma.

"Mlirekodi upande mzima?" nikauliza.

"Ah! Chakula kilipofika nani angetaka redio? Tulizima."

Hapo nikaruka. Zamani kila mchezo tuliuhifadhi mara tatu mfululizo, kwa sababu kaseti zilikuwa na tabia ya kututapeli. Nikaunganisha redio na kompyuta kuukuu ya aina ile ile niliyoiokota kwenye vyuma chakavu Kawempe. Ngoma, vigelegele, dakika saba. Nakala ya kwanza ilikuwa imekwisha, na ya pili imebaki mkia. Kisha ya tatu ikaanza kulia. Nikachukua bisibisi ndogo, nikageuza skrubu ya kile kichwa cha redio kinachosoma kaseti, nikitega sikio mpaka mlio ukawa mkali. Shangazi akasoma dua.

Polisi akatokea kwenye skrini: mraba wenye tumbo. Mbuzi alikuwa mraba wenye pembe. Polisi akakimbia hatua nne, akanasa chooni, akabaki humo.

Shangazi akasogeza uso karibu na skrini.

"Shule uliiachia hii?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na huyu wa chooni ni baba yako."

"Ni yeye."

Akacheka mpaka akashika meza. Kaseti alikataa kunipa, kwa hiyo nilinakili upande wote, vigelegele na mbuzi pamoja. Nilipotaka kuzima mashine, akanisukuma kwa kiwiko.

"Sogea huko. Mbuzi anatoroka."