Mulinee Nzito kwa Mwanzi Wangu

Mulinee ni kile kigurudumu cha kukunja uzi wa kuvulia, kinachofungwa chini ya fimbo karibu na mkono. Nilivua samaki zaidi ya miaka ishirini bila hicho kitu na sikuona nimepungukiwa. Mwaka huu njo, yaani ndipo, vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikataa kazi. Vinajikunja nusu halafu vinasimama, kama mlango uliovimba mvua. Uzi ninaouvuta unaniponyoka, unalala miguuni na kujisokota.

Watoto wangu walikutana bila kuniita, wakaamua kwamba Papa aache mto na mwanzi wake wa kuvulia uwekwe darini. Walimtuma mkubwa wao aje kuniambia. Nikamjibu: nipeni mwezi mmoja. Nisipopata namna ndani ya mwezi huo, nitaacha mwenyewe, na huo mwanzi mutaupasua kuni. Sikuwa ninatisha. Mimi nikisema, nimesema.

Niliishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi, kisha baba yangu akafariki na nikaenda kubeba mizigo bandarini. Nyumba ninayokaa niliijenga kwa mikono hii. Lakini huo mwanzi ni kitu kingine, na lazima nieleze ulikotoka.

Wakati wa vita treni ilisimama hapa Kindu na majani yakaota kati ya reli. Meli hazikupanda wala kushuka. Pirogi zetu, ile mitumbwi ya kuvulia, zilichukuliwa na wenye bunduki, nyavu nazo zikaenda na pirogi. Mimi nilikuwa ninasukuma kinga. Kinga ni baiskeli, lakini ile haikuwa ya kupanda. Unafunga mti mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, unapakia chumvi na sabuni, unasukuma kwa miguu hadi Kibombo, hadi Tunda, unarudi na unga na mafuta ya mawese. Nilienda hivyo miaka yote ya vita, na kinga yangu haikuanguka hata mara moja kwenye kilima cha matope. Wenzangu waliangusha, wakalia juu ya chumvi iliyoyeyuka. Mimi hapana. Hilo nimelisema kwenye kila matanga na kila harusi ya mji huu, na hakuna aliyenibisha.

Siku nisizokuwa safarini nilitaka kuvua nikiwa ukingoni, kwa kuwa pirogi hazikuwepo. Nikakata mwanzi mwembamba uliokomaa, nikauning'iniza juu ya moshi wa jiko la mke wangu hadi ukawa mwekundu, nikaupaka mawese. Mke wangu ni mshonaji. Aliufunga mwanzi huo kwa uzi wa mashini kila mahali penye fundo ili usipasuke, mizunguko imebanana kama ushanga. Pete za kupitishia uzi nilizikunja kutoka kwenye waya za gurudumu la kinga.

Ikabaki shida ya chambo. Kumbikumbi tulikula wenyewe. Donge la ugali, nani angelitupa majini wakati watoto wanalitazama? Nilikaa na ndoano tupu mkononi. Mke wangu akatoka, akaenda nyuma ya jiko la wanajeshi. Wao walikuwa wamekula kuku wa mtaa mzima, sisi tuliachiwa manyoya. Alirudi na manyoya ndani ya kitambaa, akayachagua moja moja, akayafunga kwenye ndoano kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza:

"Mama, samaki atakula manyoya?"

"Samaki hajui kama hakuna chakula," akasema. "Umwonyeshe kitu kinachokimbia, atakifuata."

Manyoya hayana uzito, hayarushiki mbali. Akasokota nyuzi nyingi pamoja ukawa uzi mmoja mnene, tukaupaka nta ya nyuki ili uelee. Ule unene wa uzi njo unaobeba manyoya hewani: unaupeleka nyuma, unaungoja unyooke, unaurudisha mbele. Siku ya kwanza nilijipiga sikio. Siku ya nne nilipata mbenga, yule samaki wa meno, mrefu kama mkono wangu. Tulikula. Watoto walioniambia niache mto walikua kwa huo mwanzi, hilo wasisahau.

Basi turudi kwa mulinee.

Karibu na stesheni kuna butike ya mama mmoja aliyetoka Kivu ya Kaskazini, muuza misumari, kufuli, vyombo vya kinga na vitu vya uvuvi. Kwenye shehena moja kutoka Goma alipata mulinee za aina ambayo hakuijua mwenyewe, nyembamba, za mviringo, za uzi mnene kama wangu. Alikuwa ameziweka karibu na vitasa, pengine akidhani ni vitasa.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, imetobolewa matundu mengi kama chujio, ukiizungusha haina sauti. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nene, haina mapambo. Nilishika moja kila mkono.

"Papa, chukua hii nyeusi," mama wa butike akasema. "Njo ya kisasa. Ona, iko nyepesi sawa mandazi."

"Mandazi yako iko nyepesi hivi? Njo maana wageni wanatoka kwako na njaa."

Akacheka hadi akashika meza. "Wazee wa Kindu! Midomo yenu haistaafu."

Nilichukua ile nyeusi. Hata kama asingenishauri ningeichukua. Muntu aliyesukuma kinga hapendi uzito. Kilo moja ukiwa Kindu ni kilo tano ukifika Kibombo, na sisi tuliofanya kazi ile, hadi leo, tukishika kitu dukani tunakipima kwanza mkononi na tunakwenda na kilicho chepesi. Tunachagua hivyo viatu, masanduku, hata viti. Nikaona nimeshinda. Nikarudi nyumbani, nikaifunga chini ya mwanzi, nikakunja uzi wote ndani.

Na ile kazi ya mikono ya watu, lazima niisifu. Ilikuwa kama saa. Kidole kimoja kinatosha kuizungusha. Ubavuni ina kifungo cha breki: unakaza, uzi unatoka kwa shida; unalegeza, uzi unakimbia. Kidole changu kibovu kiliweza kushika kile kishikio kidogo. Nilikaa mlangoni kuizungusha kama mtoto, bila aibu.

Asubuhi yake nilikwenda ukingoni. Zamani, bila mulinee, niliegemeza kitako cha mwanzi tumboni na kuushika kwa mikono miwili. Sasa mkono wa kulia peke yake unashika mwanzi, wa kushoto unazungusha. Nilirusha mara kumi, ikawa vizuri. Mara ishirini, kiwiko kikaanza kusema. Ncha ya mwanzi ilikuwa inaanguka mbele, ninainyanyua, inaanguka tena. Kabla jua halijawa kali, mkono wote hadi begani ulikuwa moto.

Jirani yangu wa ukingoni, mzee aliyefanya kazi ya reli na ambaye swala haimpiti, aliniangalia muda mrefu.

"Ndugu yangu," akasema, "mwanzi wako unasujudu. Adhuhuri haijafika."

"Unaomba Mungu akunyamazishe."

"Basi omba naye, maana ukiendelea hivyo watoto wako watakupeleka nyumbani kwa kitoroli."

Alikuwa anatania, lakini nilihesabu siku. Mwezi wangu ulikuwa umebaki juma moja. Nilikunja uzi nikarudi nyumbani, na njiani nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mwanangu.

Mke wangu alikuwa kwenye mashini yake barazani. Hakusimamisha mguu. Nikamwambia mkono wangu umekwisha, mwanzi uende darini.

"Mkono ndio umekwisha au mzigo ndio umefungwa vibaya?"

"Mzigo gani? Hii kitu haina hata uzito!"

Hapo njo aliposimamisha mashini. Akachukua mwanzi, akafungua mulinee akaiweka pembeni. Akakata kipande cha utepe, akaufanya kitanzi, akaufunga kwenye boriti ya baraza, akaniuliza mkono wangu unashika wapi. Nikamwonyesha. Akaupitisha mwanzi ndani ya kitanzi mahali pale pale. Ncha ikaanguka chini mara moja. Akaning'iniza kufuli ya mlango kwenye kitako, palipokuwa na mulinee. Ncha ikapanda kidogo. Akaongeza kibweta cha vifungo, uzito ukazidi, kitako kikashuka. Akatoa vyote, akaning'iniza mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule wa chuma cha zamani. Mwanzi ukatikisika, ukalala sawasawa hewani kama mtu aliyepumzika.

"Njo hii," akasema. "Mulinee yako iwe na uzito wa mukasi."

"Unataka uniongezee mzigo? Mimi? Mimi nilisukuma kinga Kindu mpaka Tunda, ninajua uzito ni nini!"

Alinitazama juu ya miwani yake.

"Baba wa watoto, nani alikuwa anakufungia mizigo?"

Nikaanza kuufungua mwanzi kwenye kitanzi.

"Kila alfajiri wewe ulikuwa unakunywa chai. Mimi nilikuwa nje, nafunga. Ulikuwa unataka gunia liwe mbele, karibu na mikono, ulione. Mimi nalirudisha nyuma, juu ya ekseli, na ninakuongezea sabuni pale chini. Ulikuwa unanung'unika eti nimekuzidishia. Lakini kinga ilikuwa haianguki."

Ni kweli, nilinung'unika. Ni kweli, sikujua kwa nini mzigo ulioongezwa ulifanya kilima kiwe rahisi. Nilidhani ni nguvu zangu. Mbele ya matanga yote na harusi zote nimejisifu kwa kinga ambayo haikuanguka, na yule aliyeifanya isianguke alikuwa amekaa upande wa wanawake, anasikiliza, hasemi kitu. Nilimuuliza kwa nini hakunisahihisha hata siku moja.

"Ulikuwa unasimulia vizuri," akajibu, na akavaa viatu.

Tukaenda butike wawili, yeye mbele na mkasi, mulinee nyeusi na uzi nilioukunjua ndani ya kikapu. Mama wa butike alituona akaanza kuonyesha kibao chake cha ukutani: kitu kikiuzwa hakirudi. Mke wangu hakukisoma. Akaweka mkasi kwenye mizani ya misumari, upande mmoja.

"Weka ile ya kijivu upande wa pili."

"Mama, mulinee inapimwa kama misumari?"

"Weka."

Ile ya kijivu ikawekwa. Mkasi ukashuka, mulinee ikabaki juu. Mama wa butike akapiga makofi. "Unaona? Hata ile nzito haifiki!"

"Na uzi?" mke wangu akasema. Akatoa kikapuni uzi wangu mnene aliousokota mwenyewe, akauweka juu ya mulinee. Mizani ikaenda upande wa pili, polepole, ikapita mkasi kidogo tu. Mimi nikasema imezidi. Akanijibu bila kugeuka kwamba uzi ukiwa mtoni hauko tena mkononi, kwa hiyo lazima izidi kidogo kabla ya kurusha ili nikirusha ibaki sawa. Mama wa butike alinitazama, akatazama mke wangu, kisha akamwuliza yeye, si mimi: "Mama, wewe ulisoma wapi?"

"Kwa kushona mikono ya makoti. Bega likivuta, si bega lenye kosa."

Kibao cha ukutani hakikutajwa tena. Ile nyeusi ilirudi mahali pake karibu na vitasa, na mke wangu akakubali kumshonea mama wa butike nguo ya kwaya.

Niliifunga ile ya kijivu siku hiyo hiyo. Haina uzuri. Ukiizungusha inatoa mlio wa kwikwi, na mwili wake umefanana na kopo. Lakini iliposhika kitako cha mwanzi, ncha ilinyanyuka yenyewe, na mwanzi ukawa mkononi mwangu kama haupo. Kesho yake nilirusha kuanzia asubuhi hadi mama wauza mandazi walipomaliza kuuza, na kiwiko hakikusema neno. Breki niliiacha laini sana. Mwanzi si chuma, ukikaza breki samaki atauvunja kabla ya uzi.

Mbenga alishika karibu na saa tano. Mulinee ililia kwi-kwi-kwi, uzi ukatoka mpaka nikaona chuma cha ndani, na mwanzi ukapinda, nyuzi alizofunga mke wangu zikaushika, ukakaa hapo. Nilimwacha akimbie. Alipochoka nikazungusha kwa kile kidole kibovu, pole pole, akakimbia tena, nikamwacha tena. Mzee wa reli alikuwa amesimama nyuma yangu na hakutania hata kidogo. Alisema tu, "Taratibu, ndugu yangu, taratibu," kama anayeongea na mgonjwa. Tulimtoa majini pamoja, yeye akishika mkia.

Siku mwezi ulipotimia, mwanangu mkubwa alifika nyumbani asubuhi na ngazi begani, ya kupandia darini. Mimi sikuwepo, haya nilisimuliwa. Aliuliza kama Papa ameshaamua. Mama yake alikuwa anapima kiuno cha nguo ya kwaya, pini mdomoni. Alizitoa kwanza.

"Papa yako iko mtoni. Ukitaka kumusemesha, acha ngazi hapa na uvue viatu, kule iko matope."