Mpima Presha

Mtafiti anayechunguza afya yetu sisi wahamiaji ni mstaarabu, hata umtafutie kasoro huioni. Akija kwenye jengo letu hubisha hodi kwa upole, huvua viatu mlangoni, na kile kitambaa cha mashine hukipasha joto kwa viganja vyake kabla ya kumfunga mtu mkononi. Wenzangu wanamsifu mpaka basi. Mimi nikimwona damu inanichemka.

Mwaka jana alimpima shangazi yangu, aliyekuwa ametoka kufagia ofisi za watu. Mashine ikalia, nyusi zake zikapanda, akaandika.

"Ngapi, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Usijali, mama. Haya ni ya utafiti tu, haturuhusiwi kuwaambia."

Akakikunja kitambaa chake taratibu, kama nguo ya mtoto mchanga. Shangazi akamshukuru, akashuka ngazi kuwahi zamu ya pili. Hakumaliza mwezi.

Jana karudi, hodi ileile, viatu mkononi, anamuulizia. Nikamwambia tumemzika, ni presha. Akainamisha kichwa, akanipa pole ya kweli kabisa. Kisha akatoa kalamu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Marehemu alikuwa anajua kwamba ana presha?"