Abdulrazaki Ahamia Upande wa Kulia wa Meza

Jua la Kizota, mjini Dodoma, limeshaanza kuchoma mabati, mafundi wa kuchomelea wamewasha mashine zao, na katika hospitali mpya iliyo nyuma ya karakana hizo Abdulrazaki Msafiri anaosha mikono. Anaosha kidole kimoja kimoja, kisha viganja, kisha anapanda mpaka viwiko, kama mtu anayeosha vyombo vya kuazima.

"Kaka Razaki, ngozi hiyo huna nyingine, usiimalize," anasema Joha, muuguzi wa chumba cha upasuaji, akimsubiri na gauni la kijani.

"Niache nioshe. Leo nikiharibu, nitabaki kufunga vidonda mpaka nistaafu."

Anatabasamu anaposema hivyo, lakini si utani. Mlangoni amesimama Daktari Emilia, bingwa wa upasuaji aliyestaafu serikalini, mikono nyuma, kitambaa cheupe kimemfunika pua na mdomo. Amekuja kumtazama akimpasua mama ambaye mtoto wake amekwama njiani. Akiridhika, Abdulrazaki ataruhusiwa kupasua wagonjwa peke yake katika hospitali hii. Asiporidhika, hatashika kisu tena.

Abdulrazaki ana miaka hamsini na miwili. Kwa cheo ni daktari msaidizi, na kwa miaka kumi na tisa amepasua watu katika hospitali ya misheni huko vijijini, ng'ambo ya mbuga ambako basi la mjini lilifika likitaka. Wapo vijana Dodoma leo wenye ndevu ambao uso wa kwanza kuuona duniani ulikuwa wake. Sasa anapimwa kama mwanafunzi.

Tangu serikali iwaruhusu tena watu binafsi kufungua hospitali, mji umechangamka. Mbao za "Daktari" zimeota mitaani kama mchicha baada ya mvua. Mwenye hospitali hii, Alhaji Mudrick, ni mfanyabiashara ambaye babu yake alikuja na misafara, akaona maji, akatua mzigo. Yeye mwenyewe hajasomea tiba, na hafichi.

"Mimi nimekulia kwenye magunia," anasema Alhaji. "Alizeti naibana kwa jino, najua ina mafuta au haina. Daktari nitambana wapi? Kila anayekuja kuomba kazi anasema anajua kupasua. Ndiyo nikamwendea Daktari Emilia, nikamwambia, mama, nibanie hawa."

Daktari Emilia akaweka utaratibu. Kila tabibu anataja kazi anazotaka kuruhusiwa, anaonyesha amezisomea wapi, kisha anatazamwa akizifanya. Jopo la watu watatu linakaa na kuamua. Mwenye ruhusa ya kutoa kidole tumbo hapasui kibofu, hata kama alikuwa bingwa wa vibofu kwao.

Huko alikotoka Abdulrazaki mambo hayakuwa hivyo. Ukimuuliza, anaweka kikombe cha chai chini na macho yanakwenda mbali.

"Mimi nilipewa kisu siku ambayo daktari wetu mzungu aliugua malaria," anasema. "Alikuwa ananifundisha mwaka wa pili. Akaletwa mama wa kupasuliwa, na mzungu mwenyewe anatetemeka ndani ya mablanketi matatu. Akaniambia kutoka kitandani, nenda, unajua. Nikaenda. Basi, ruhusa yangu ikawa hiyo."

Chumba chenyewe cha upasuaji kilikuwa kidogo kama jiko la mwalimu. Meza ilikuwa imejengewa sakafuni kwa saruji, na haikusogea hata wakati wa upepo wa Agosti, ule upepo ambao wenyeji wanasema uliwahi kuchukua bati la choo cha misheni na kulishusha Manyoni likiwa na misumari yake yote. Umeme haukuwapo. Jenereta ilikuwapo, ila ilikuwa na hasira zake. Kwa hiyo mwanga ulikuwa ni dirisha.

Na dirisha hilo ndilo lililomtia Abdulrazaki matatani.

Lilikuwa upande wa kulia wa mgonjwa, kubwa, kuanzia kimo cha kitovu hadi darini. Mpasuaji akisimama kulia, kama wanavyosimama wapasuaji wengi, mgongo wake uliziba jua na tumbo la mgonjwa likawa pango. Mzungu aliyejenga chumba akaamua mpasuaji asimame kushoto, akilitazama dirisha. Kulia, kwenye kijia kati ya dirisha na meza, akasimama msaidizi.

Msaidizi huyo alichaguliwa kwa ufupi. Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa mzee mmoja mfupi kiasi kwamba, kwa masimulizi ya pale, alisaidia akiwa amesimama wima na kichwa hakikufika usawa wa meza. Mikasi aliipitisha kwa kuinua mikono juu, kama mtu anayeanika nguo. Na jogoo wa mpishi alizoea kuja kukaa kizingitini kila upasuaji unapoanza. Inasemekana aliona ngiri nyingi zikishonwa kuliko wanafunzi wa chuo, tatizo lake hakupewa cheti.

"Tulikuwa watu wa nyumba moja," anasema Abdulrazaki. "Jua likihama, sote tunahama. Likiingia wingu, tunasimamisha mikono tunalisubiri lipite. Mgonjwa amechomwa sindano ya mgongo, yuko macho, anatuuliza, vipi, mmechoka? Tunamwambia, hapana bibi, tunasubiri jua. Anasema haya, na mimi nalisubiri."

Anacheka peke yake.

Wafadhili walipopunguza misaada, chumba kile kilifungwa. Mzungu alikuwa amesharudi kwao. Abdulrazaki, mwenyeji wa Pahi huko Kondoa, angeweza kurudi kulima ulezi na ndugu zake. Mkewe, Adija, ndiye aliyesema hapana. Aliona mikono ya mumewe inavyocheza juu ya shuka usingizini, ikifunga mafundo. Wakahamia mjini.

Hapo ndipo penye kisa.

Siku ya kwanza ya kutazamwa, wiki kadhaa kabla ya leo, Abdulrazaki aliingia katika chumba cha Kizota, akaiendea meza na kusimama kushoto. Hakufikiri, miguu ilijua njia. Kulia akasimama Daktari Anthony, kijana aliyemaliza chuo juzi tu, aliyepangwa kumsaidia. Joha, kwa mazoea ya kila chumba alichowahi kufanyia kazi, akamkabidhi kisu aliyesimama kulia.

Anthony akakitazama kisu. Akamtazama mzee.

"Nilidhani ameniheshimu," anasema Anthony. "Nikajiambia, mzee kaona nianze mimi, anataka kuona mkono wangu. Ningemrudishia kisu mbele ya bingwa? Ningeonekana mwoga, au namdharau."

Abdulrazaki naye alikuwa na hesabu zake. "Mimi ni mgeni, nikasema labda desturi ya hapa kijana ndiye anafungua ngozi, halafu mkubwa anaendelea. Nikangoja anipe. Hakunipa. Nikasema, nimkumbushe? Mtu ameshafika kwenye misuli, unamkumbusha nini?"

Basi wote wawili wakafunga midomo kwa adabu. Anthony akapasua mwanzo hadi mwisho, jasho likimtiririka. Abdulrazaki akashika, akafuta damu, akakata nyuzi, akasaidia vizuri sana. Mgonjwa akapona. Mara ya pili, wiki iliyofuata, mambo yakawa yale yale, na safari hii Anthony alishaamini kuwa ndio mpango.

Daktari Emilia aliona alichokiona. Jopo likakaa, na likaamua kwamba Abdulrazaki ni msaidizi hodari asiyethubutu kuongoza. Akaruhusiwa kusaidia tu.

Alipoambiwa alijibu, "Asante, Daktari," akaenda kukaa chumba cha kufungia vidonda. Hakumweleza mtu. Adija anasema mumewe alirudi nyumbani akala, akaswali, akalala mikono imetulia juu ya shuka. "Hapo ndipo niliogopa," anasema.

Siri ilitoka kwenye chai. Joha, mzaliwa wa mjini na mtu asiyeweza kukaa na swali tumboni, alimfuata na vitumbua.

"Kaka Razaki, usinifiche. Miaka yote hiyo huko kwenu ulikuwa unapasua, au ulikuwa unashika taa?"

"Nilikuwa napasua."

"Mbona hapa unasimama upande wa msaidizi?"

"Nani? Mimi nimesimama upande wa mpasuaji siku zote mbili. Huyo kijana ndiye aliyenichukulia kisu."

Joha anasema alicheka mpaka kitumbua kikamwingia puani. Kisha akaacha kucheka, maana alimwona mzee hacheki. Akamshika mkono wa gauni, akampeleka kwa Daktari Emilia, na Abdulrazaki akaeleza habari ya dirisha akiwa ametazama sakafu.

Daktari Emilia si mtu wa maneno mengi. "Nakuamini," alimwambia. "Lakini kuamini si kuona. Siwezi kukuruhusu kwa kitu ambacho sijakiona. Utarudia."

Akamwambia pia kwamba kushoto hapatafaa. Katika chumba hiki mashine ya nusu kaputi na ile ya kufyonza damu zimekaa kushoto, nafasi inamtosha mtu wa kushika vyombo tu. Taa iko darini, haijali nani amesimama wapi. Itabidi ahamie kulia.

Kwa mtu wa nje hilo ni jambo la hatua mbili tatu. Kwa mikono iliyozoea kushoto kwa miaka kumi na tisa, kila kitu kimegeuka. Kibofu ulichokizoea mkono huu kiko mkono ule. Fundo ulilolivutia kwako sasa unalisukuma.

Abdulrazaki akaanza kujifunza upya jikoni kwake. Alinunua matumbo ya mbuzi kwa mchinjaji, akayatandaza juu ya meza ya chakula, akasimama kulia, akapasua, akashona. Adija alishika upande wa pili, kanga kiunoni, akiambiwa "vuta", "legeza", "usitazame dirishani". Jioni matumbo yale yaliingia sufuriani.

"Tumekula supu yenye mishono," anasema Adija. "Watoto wanalalamika wanatafuna uzi. Nikawaambia nyamazeni, baba yenu yuko shuleni."

Sasa ni asubuhi ya leo. Mama amelazwa, sindano ya mgongo imekolea. Abdulrazaki anaingia mikono juu, maji yakichuruzika kwenye viwiko. Anavaa gauni na glavu. Anafika mbele ya meza, na mguu wake wa kushoto unaanza kwenda ulikozoea.

Anausimamisha. Anazunguka kwa upande wa miguu ya mgonjwa na kwenda kulia.

Anthony, ambaye hataki kurudia makosa, ameshajibana kushoto kati ya mashine mbili kama kitabu kwenye kabati.

"Leo napasua mimi," anasema Abdulrazaki kwa sauti ya kawaida, ili kila mtu asikie. "Daktari Anthony ananisaidia. Dada Joha, kisu."

Anapewa kisu.

Kwa muda kidogo mkono wake unasita juu ya ngozi, na Daktari Emilia anasogea. Kisha mkono unashuka. Mwanzoni unakwenda kama mtu anayetembea nyumba ya jirani gizani. Kwenye mfuko wa uzazi anasimama, anapapasa kutafuta kibofu kwa kidole, anakipata, anakisukuma chini, ndipo anaendelea. Kuanzia hapo hasiti tena. Mtoto anatoka wa bluu, anapigwa mgongoni na Joha, anakataa, anapigwa tena, kisha analia kwa hasira ya kuamshwa. Mafundi wa nje wamesimamisha mashine, huenda ni kwa ajili ya chai, ila Joha anaapa walisikia.

"Ni mvulana au msichana?" anauliza mama kutoka juu ya meza.

"Msichana, mama," anajibu Abdulrazaki. "Ngoja nifunge nilipofungua, nitakusalimia vizuri."

Jopo halikuchukua muda. Adhuhuri Daktari Emilia anamwita ofisini na kumwambia anaruhusiwa kuzalisha kwa upasuaji, kutibu ngiri, busha na kidole tumbo, peke yake, usiku na mchana. Abdulrazaki anashusha pumzi.

"Kuna moja uliomba nimeikataa," anaendelea bingwa. "Goita. Hapana."

"Kule nilizitoa, Daktari."

"Najua. Ulizitoa kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nani alikufundisha?"

"Mzungu, mbili. Nyingine niliendelea mwenyewe."

"Mishipa ya sauti inapita pale pale. Ukikosea kidogo, mgonjwa anaondoka na shingo nzuri na sauti hana. Hapa tuliofundishwa kazi hiyo tupo, kwa hiyo wewe hutaifanya."

Kule alikotoka Abdulrazaki hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Waliomzunguka walikuwa mzungu mgonjwa, mzee mfupi na jogoo. Anajibu pole pole.

"Kweli, Daktari. Kila goita niliyoitoa, nikimaliza kushona nilimwamsha mgonjwa nikamwambia taja jina lako. Nilikuwa naogopa mpaka alitaje."

"Na mimi naogopa mpaka leo," anasema Daktari Emilia.

Nje kwenye kibaraza, Joha amempa Abdulrazaki chai, naye haimalizi. Anaeleza kwamba huko Pahi, na vijiji vyote vya milima ile, wanawake wanatembea na shingo zilizovimba, wanajitanda mitandio hata wakati wa joto. Wengi ni shangazi zake. Wamemsubiri aje na ujuzi wa mjini.

Amemwomba Daktari Emilia amruhusu kumsaidia kila atakapotoa goita, hata kwa miaka miwili mitatu, mpaka siku atakayoona anafaa kupewa kisu. Daktari Emilia amekubali. Ya kwanza ni Jumanne.

"Nitashika ninachoambiwa nishike," anasema Abdulrazaki. "Akinikubalia, nitawaambia wa Pahi waje. Asiponikubalia, nitawaleta kwake mwenyewe, mmoja mmoja, na nitakuwa pale wakiamka, niwasikie wakitaja majina yao."