Salamu Zangu Zilivyofunga Grupu

Majina ya watu hayanipotei. Nikikutana na mtu mara moja, nalikumbuka lake, la mama yake, hata la ng'ombe wao. Humu siyataji, maana wenyewe wapo na simu wanazo.

Masika yale mjukuu wangu wa darasa la saba aliteleza mgombani na mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika mguu. Wakamfunga plasta mpaka juu ya goti. Sisi tunakaa mlimani, juu ya Sekei, na shule ipo chini. Kwa utelezi ule ungemshushaje? Mguu haukunitisha, mifupa ya mtoto huunga. Kilichonitisha ni mtihani wa kumaliza darasa la saba. Mimi niliishia darasa la pili nikaenda kulea wadogo zangu, na mpaka leo nasoma kwa kukokota. Sikutaka na yeye akwame.

Mwalimu wake wa hesabu akasema, "Bibi, usihofu. Tuna grupu la wazazi kwenye simu. Kila jioni nitapiga picha ubao, yeye afanye, apige picha daftari, atume humo humo nisahihishe."

Binti yangu, mama wa mtoto, yupo Dodoma kikazi. Akatuma simu ya kugusa. Jioni ya kwanza daftari likaenda, likarudi na tiki nyekundu. Mtoto kalala kitandani, mwalimu yuko kwake, na kazi imesahihishwa! Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni.

Kesho yake mwalimu akanitambulisha kwa wazazi. Zikaanza kumiminika: shikamoo bibi, shikamoo bibi, watu zaidi ya arobaini. Sasa kwetu, mtu akikupa shikamoo ukanyamaza, umemnyima baraka. Wala huwezi kumwaga marahaba moja kama unarushia kuku mahindi. Mtoto akanionyesha pa kubonyeza ili niongee, nikavuta kigoda.

"Marahaba mwanangu. Wewe si kitinda mimba wa yule seremala? Mama mkwe wako mguu umepona? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa?"

Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka nikawamaliza. Nilijisikia kama nimetoka harusini.

Jioni yule kitinda mimba, ambaye siku hizi ni fundi cherehani, akaingia kwa sauti: "Jamani, natafuta hesabu za mwanangu mpaka bando limekata, kila nikifungua nakutana na mguu wa mama mkwe!"

Mama mmoja akamdaka: "Kwani ulishakwenda kumwona?"

Hapo ndipo wakacharuka. Utani juu ya utani, kazi ya watoto ikazikwa. Mwalimu akalifunga grupu: kutuma ni yeye tu.

"Koko," mjukuu akaniambia, maana sisi bibi tunamwita koko, "majibu yangu nitatuma wapi sasa?"

Namba yake binafsi mwalimu alishakataza isitumiwe kazi, ana madarasa matatu. Siku mbili picha za ubao ziliingia, majibu hayakutoka. Siku ya tatu mtoto hakufungua hata daftari. Nikampigia mwalimu.

"Mwalimu, kosa ni langu, usimfungie mtoto."

"Shikamoo bibi. Sikukufungia wewe..."

"Marahaba. Umenifungia mimi. Ila niambie, zile shikamoo zote ningezitupa wapi?"

Akacheka. "Kweli. Hata bibi yangu angenigombeza."

"Basi tenga mazizi mawili. Ndama akilala na mama yake, asubuhi hukami kitu. Grupu moja la kazi, lingine la salamu. La salamu nitalichunga mimi."

Akalitenga jioni ile ile, la kazi akalifungua, na mtoto akatuma majibu ya siku tatu kwa mkupuo. Kule kwenye salamu nikasema mtoto anasumbuliwa na hesabu za sehemu. Nani akajitokeza? Yule yule fundi cherehani. Akajirekodi video akikata kitambaa nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo. "Umeona, mwanangu? Kitambaa hakidanganyi. Na koko, mama mkwe anakusalimu, anatembea."

Plasta ikatolewa. Mtoto akashuka shule na fimbo, moja kwa moja kwenye mtihani wa majaribio. Siku ile sikupalilia hata mstari mmoja wa mahindi. Jioni mwalimu akatuma picha ya karatasi yake kwenye grupu la kazi: hesabu zote kapata, isipokuwa namba nane.

Kabla sijashukuru, nasikia sauti ya mjukuu wangu inaondoka: "Shikamoo mwalimu. Namba nane naomba uangalie tena mstari wa mwisho."

Nikashika kichwa. Mtoto anamkosoa mwalimu mbele ya wazazi wote! Tukakaa tunaitazama simu.

Mwalimu akajibu: "Marahaba. Nimeangalia. Uko sahihi, nimekosea mimi. Wengine wote, kesho leteni karatasi, namba nane naisahihisha upya."