Ungo wa Choroko

Kila alfajiri, kabla balozi wetu wa nyumba kumi hajagonga kipande cha reli kutuita shamba la kijiji, niliketi kwenye kigoda nje ya jiko la shangazi, nikafumba macho. Siku za kwanza mawazo yalitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Kisha nikajifunza kuchagua sauti moja kila siku: mchi wa jirani, njiwa, au garimoshi likihema kuelekea Kimamba. Utamu ukaninasa.

Balozi akanifuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana, natulia."

"Unatulia kabla hujachoka?" Akanitazama kwa huruma. "Uhuru ni kazi, mwanangu. Ijumaa nitakutaja mkutanoni. Hapa Rudewa hatufugi kupe wa kunyonya jasho la wenzao."

Nilikosa raha. Aliyeitwa kupe mkutanoni aliitwa hivyo mpaka kisimani, na utulivu wangu ungekufa kwa kicheko.

Kesho yake shangazi aliniwekea ungo wa choroko mapajani. "Fumba macho yako, vidole vichambue. Kupe hachambui choroko."

Sikujua raha ile ingeongezeka. Choroko iliteleza vidoleni, changarawe ikakwaruza. Pumzi ikaingia, ikatoka. Balozi alipita, akaguna, akaenda zake.

Alhamisi njiwa waliimba vizuri kupita kiasi. Nilielea nao, nikarudisha changarawe kwenye choroko bila kujua. Na choroko zile ndizo shangazi alizopika kwa chakula cha mkutano.

Ijumaa, sote tukiwa tunakula, balozi alisimama, tonge mdomoni, akaninyooshea kidole. Kabla hajatamka neno, jino lake likalia *kwa!* Akatema changarawe kiganjani.

"Nani alichambua hizi?"

"Huyo huyo unayetaka kumwita kupe," shangazi akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Balozi akaigeuzageuza ile changarawe.

"Basi kazi amefanya," akasema mwishowe. "Vibaya, lakini amefanya. Kupe hafanyi hata vibaya." Akaketi.

Jumamosi alfajiri alikuja na kigoda chake. "Lete ungo nikuoneshe kuchambua." Nikamwambia afumbe macho kwanza, asikilize njiwa.

Siku hiyo kijiji kizima kilichelewa shambani. Mgonga reli alikuwa kando yangu, ungo mapajani, akitabasamu peke yake.