Lipu Mpya ya Mzee Lameki

Kabla sijaanza, naomba mlango ule ubaki wazi. Anayeona baridi ajifunike khanga. Mimi kwenye chumba kilichofungwa siwezi kusema hata sala, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Naitwa Yustina, ila wengi mnanijua kama Mama Lusia. Haya yalinipata miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, tulipokuwa tumepanga Mlandege, hapo Iringa mjini. Mume wangu Petro alikuwa utingo wa lori la mizigo la kwenda Mbeya. Akiondoka Jumatatu, kumwona tena ni Jumamosi, na barabara ikiharibika ni wiki nyingine. Mimi nilifua na kupiga pasi nguo za makarani. Nilikuwa na nguvu zangu. Ndoo ya maji kichwani, Lusia mgongoni, na bado nikapata pumzi ya kugombana na mtu njiani. Kushuku watu nilizaliwa nako. Mama yangu alikuwa akisema, huyu ukimpa zawadi, anaigeuza kwanza aangalie upande wa chini.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Mzee Lameki, fundi mwashi aliyestaafu. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, ya tofali na bati, na nyuma akaacha vyumba viwili vya kupangisha. Tulihamia wiki chache tu baada ya yeye kumwoza binti yake. Kwa ajili ya harusi alikuwa amepiga lipu mpya nyumba nzima, ndani na nje, na chokaa juu yake. Akapitisha kiganja ukutani mbele yetu.

"Nyumba hii naikagua mwenyewe kila mwaka," akasema. "Hapapiti hata sisimizi."

Nilifurahi, msinicheke. Kwetu Kalenga nililelewa kwenye tembe la bibi, udongo juu, udongo chini, moto katikati, na sote machozi yanatutoka kwa moshi. Nikasema, leo na mimi nimefika.

Chumba cha pili alikaa Mama Tusajigwe, mjane wa Kinyakyusa kutoka upande wa Tukuyu. Aliuza maziwa ya mgando. Kila alasiri, akirudi sokoni, aliniletea kikombe kimoja. Mtu si ndugu yangu, hatujuani hata mwezi, ananipa maziwa kila siku. Mimi nikajiuliza anataka nini.

Kipupwe kikaingia. Upepo wa Iringa mnaujua. Ukipiga pasi nje, majivu yanaruka juu ya shati jeupe, unaanza upya kufua. Basi nikaingiza jiko ndani. Nilingoja nje mpaka moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu, kisha nikalibeba jiko, nikafunga mlango, nikaijaza makaa pasi yangu ile yenye jogoo kwenye kifuniko. Adui tuliyemjua kwetu ni moshi. Mkaa ulioiva tuliuona hauna neno kabisa.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma kama nimefungwa kitambaa kwa nguvu kwenye paji la uso. Wiki ya pili nikaanza kutapika. Masikio yalivuma, moyo ulienda mbio nimesimama tu, magoti yalilegea nikashika meza. Nilisema ni malaria, nikanywa dawa, haikusaidia kitu. Halafu Lusia. Alikuwa na miaka miwili, mtoto wa kukimbizana na kuku kutwa nzima. Akaanza kulala mchana kutwa pembeni ya meza yangu. Nikimwamsha anaamka amelegea, anatapika uji, hataki hata kusimama. Hapo niliogopa. Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja kabla yake, na kaburi la pili sikuwa nalo moyoni mahali pa kuliweka.

Nikaanza kufuatilia kwa siri. Maziwa yanakuja alasiri, kichwa kinauma alasiri. Nikasema, nimempata. Kwamba kichwa kilianza kabla kikombe hakijafika, hilo sikutaka kulitazama. Kuanzia hapo nilipokea maziwa kwa mikono miwili, nikashukuru, akigeuka tu nawamwagia kuku. Tukaendelea kuumwa. Nikasema, basi si maziwa, ni jicho lake.

Nilimwendea Mzee Lameki. "Mzee, chumba chako kina nini? Mimi na mtoto tunaumwa."

Akaja. Akatazama bati, akagonga ukuta hapa na pale kwa kidole, kama dakika tatu hivi. "Nyumba haina kasoro," akasema. "Labda una mimba." Halafu akatupa jicho kwenye mlango wa jirani, akashusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Ila wewe mwenyewe una macho."

Maneno hayo yaliniingia kuliko dawa. Leo najua alichokuwa anakikwepa, lakini siku ile nilimwona mzee mwenye busara.

Petro aliporudi nilimweleza yote. Alicheka. "Jirani anakupa maziwa, wewe unamwita mchawi. Si uniwekee mimi nikija?" Nikamshuku na yeye. Kwa nini anamtetea? Jumapili ile hatukuumwa hata kidogo, mimi wala mtoto. Jumapili sikupiga pasi, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya kiko cha Petro. Mimi nilisema mchawi anaogopa wanaume.

Nikamchukua Lusia, nikaenda Kalenga kwa shangazi yangu. Siku tatu tu, kichwa kikawa chepesi, na mtoto anakimbiza mbuzi. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili. Shangazi akanipa mizizi. "Uiweke juu ya makaa ujifukize," akasema, "na uzibe kila ufa, anachokurushia kisipate njia."

Tukarudi Mlandege. Kesho yake alasiri nikaziba. Matambara chini ya mlango, matambara kwenye dirisha la mbao, hata kwenye tundu la ufunguo nikasokomeza kitambaa. Niliwasha makaa mengi kuliko siku zote, nikatupia mizizi, na kwa kuwa mashati yalikuwa yananingoja, nikachukua na pasi. Lusia alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikajisikia salama kabisa, ndugu zangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sijui ulipita muda gani. Miguu iliondoka kwanza. Nilijikuta nimekaa chini na sikumbuki kukaa. Nilitaka kuita, mdomo haukufunguka. Mkojo ulinitoka, nikausikia una joto, na sikuona hata aibu. Lusia alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo. Nilimwona. Nikauambia mkono uende, mkono haukwenda.

Nilizinduka uani, nimelazwa kwenye vumbi, natapika. Aliyekuwa ameniinamia ni Mama Tusajigwe. Mchi wa kinu ulikuwa karibu naye, na mlango wangu umepasuka katikati.

Neno langu la kwanza duniani mara ya pili lilikuwa hili: "Umekuja kumalizia?"

"Tapika kwanza," akasema. "Matusi baadaye."

Alikuwa ameleta maziwa, akagonga, kimya. Akasikia harufu ya nguo inaungua. Nilipoanguka pasi ilibaki juu ya shati la karani mmoja, ikalichoma. Kilichokuwa kinatuua hakikuwa na harufu. Shati ndilo lililopiga kelele kwa ajili yetu. Alipovunja mlango alimtoa mtoto kwanza, kisha akarudi akaniburuta mimi, na mimi si mwepesi.

Majirani walitubeba kwa mkokoteni hadi hospitali. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyetupokea akamlaza Lusia karibu na dirisha lililo wazi, akamsugua miguu. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Mama, ulikuwa na mkaa ndani?"

"Ulikuwa umeiva. Haukuwa na moshi."

"Ndio huo," akasema. "Una hewa ya sumu. Huioni wala huinusi. Inachukua nafasi ya hewa njema kwenye damu. Chumba chako hakina matundu ya kupitisha hewa?"

Nikamwambia sijawahi kuyaona. Usiku kucha nilimtazama mtoto kifuani, nahesabu pumzi. Alfajiri Lusia alifumbua macho, akataka uji. Nililia mpaka wagonjwa wengine wakaamka.

Mimi nilikaa siku tisa. Kichwa kilipona polepole, lakini mkono wa kushoto ulitetemeka miezi mingi, na maneno yalinipotea. Nilimtazama Petro, nikatafuta jina lake, silioni. Akawa ananitania, "Mimi ni yule unayemshuku." Siku alizokuwa nyumbani alinipikia na kunifulia bila kulalamika.

Hospitali walimpa habari bwana afya wa mji, naye akaja nyumbani na patasi. Alipanda ngazi, akaparua lipu juu ya dirisha, chini kidogo ya bati. Matundu manne, yamejengwa vizuri kwa tofali, yamejazwa vipande vya mawe na kupigwa lipu juu yake.

"Moto ni wake," Mzee Lameki akaanza. "Mimi nimempangisha chumba, sikumpangisha jiko."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. "Moto ni wangu, sikatai," nikamwambia. "Na matambara ni yangu. Lakini matundu ni ya nani, Mzee? Nilikuja kukuuliza chumba kina nini, ukanionyesha mlango wa jirani."

"Yalikuwa yanaharibu sura ya nyumba. Wageni wa harusi walikuwa wanakuja."

Bwana afya akashuka kwenye ngazi. "Wewe ni fundi. Uliyajenga mwenyewe. Ulijua kazi yake?"

Mzee Lameki akaokota kipande cha lipu kilichoanguka. Kisha akasema, "Nilijua."

Akaamriwa kuyafungua yote. Baada ya siku mbili alinitumia salamu kwamba tayari. Mimi nikaazima ngazi. Nilisukuma mpini wa ufagio kwenye kila tundu. Mawili yalipitisha mpini mpaka nje, mawili yalikuwa yamekwaruzwa juu juu tu. Nikakaa pale pale mlangoni, nikamwambia siondoki. Alikuja na nyundo amenuna, lakini alifungua.

Namshukuru Mungu, na hospitali ile, na shati la karani. Ninyi mnaopanga, msipokee neno la "nimekagua" kutoka kwa mtu aliyegonga ukuta kwa kidole. Ombeni ngazi. Nanyi wenye nyumba, anayelala ndani hawezi kuona mlichofunika kwa lipu, kwa hiyo kukagua ni juu yenu kabla hajaingiza mkeka. Jiko likae nje, hata mkaa uwe mwekundu namna gani. Kushuku sijaacha, na sijutii. Nilichojifunza ni kuanza na ukuta kabla ya kufika kwa jirani.

Alasiri ile matundu yalipofunguliwa, Mama Tusajigwe alikuja na kikombe chake kama kawaida. Nilishindwa kukipokea. Nikamwambia, "Mama Tusa, nina jambo la kuungama. Maziwa yako..."

"Unawamwagia kuku. Najua."

"Uliniona?"

"Mlandege nzima kuku walionona ni wako tu."

Nikainamisha kichwa. "Sasa kwa nini uliendelea kuleta?"

"Mtoto alikuwa anakonda," akasema. "Nikasema, iko siku utasahau kumwaga."

Nikampa Lusia nusu, akanywa mpaka akaota masharubu meupe. Iliyobaki nikainywa mimi mbele yake, polepole. Halafu kikombe nikakigeuza upande wa chini juu, aone hakijabaki kitu.